Barua kwa Idrisa, Kabla Kambi Haijafunguliwa

Ngamiani, Tanga

Mpwa wangu Idrisa,

Sisi huku wazima, Alhamdulillah, ukiacha goti la bibi yako ambalo masika haya limemsumbua kuliko mwaka jana. Anakusalimu sana, na anauliza ile doti ya khanga uliyomwahidi kwa bao lako la kwanza imeishia wapi, maana amesikia mabao yamekuwa mengi na khanga haijafika.

Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua. Kwenye simu utaitikia "ndiyo mjomba, sawa mjomba" huku unaangalia mambo mengine. Barua utaisoma hata ukinuna. Najua pia mama yako ataifungua kabla haijakufikia, na wenzako wa pale geto watachungulia begani. Wachungulie tu, maneno haya yanawahusu na wao.

Tumefurahi na msimu wenu. Kufika mechi za mtoano kwa timu iliyokuwa ikikimbia kushuka mwaka juzi si jambo dogo, hata kama mlango wa Ligi Kuu mmefungiwa usoni. Sasa kila mtu anasema mwakani mnapanda. Kinyozi wangu anasema, mama yako anasema, na wewe mwenyewe nasikia umeshaanza kusema. Hapo ndipo nilipotafuta kalamu.

Timu nyingi hazishuki kiwango siku ile watu wanapozizomea. Zinashuka katika ile miezi miwili ambayo hakuna mechi, watu wakiwa kwenye harusi na kwenye vijiwe. Ni kama paa la makuti: linaoza juu kwa jua la kiangazi, na wewe uliye chini unajua siku mvua inaponyesha. Halafu unailaumu mvua.

Wewe ni mwana Msimbazi, mtu wa Simba kama mimi, kwa hiyo nitakukumbusha kidonda chetu wenyewe, ingawa baba yako atacheka akisikia. Julai 2021 Simba tulikuwa juu ya dunia. Ubingwa wa nne mfululizo, na juu yake Kombe la Shirikisho la nyumbani, tukawafunga Yanga fainali kule Kigoma kwa bao la Taddeo Lwanga. Februari ya mwaka huohuo Al Ahly, mabingwa wa Afrika, walikuja uwanja wa Mkapa wakaondoka na bao moja la Luis Miquissone. Aprili tukawapiga AS Vita nne kwa moja. Tukaongoza kundi lenye Al Ahly ndani yake. Mtu ambaye angekwambia pale kwamba tunaporomoka ungemwita mchawi.

Lakini dalili zilikuwepo, Idrisa. Mei, robo fainali, Kaizer Chiefs walitufunga manne bila jibu kwao Afrika Kusini. Tuliporudi nyumbani tukawafunga matatu, tukatoka tukijipongeza kwamba tumekufa kiume. Tarehe tatu Julai Yanga walitufunga moja kwa bila, bao la Zawadi Mauya, na sisi tukasema aah, ubingwa tunao mfukoni, waache wafurahi. Yote hayo kombe liliyafunika. Timu inayoshinda haikaguliwi, na huo ndio ugonjwa wake mkubwa.

Kisha dirisha la usajili likafunguliwa. Luis akaenda Al Ahly, walewale aliowafunga. Clatous Chama akaenda RS Berkane ya Morocco. Klabu ilipata pesa na wachezaji walipata maslahi, na mimi simlaumu kijana yeyote kwa kwenda kwenye mkate mkubwa. Ila angalia kilichoondoka. Msimu ule John Bocco alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Sasa jiulize mipira ile ilitoka kwa nani. Chama alikuwa anaona pasi kabla mshambuliaji hajaanza kukimbia, na Luis akiwavuta mabeki wawili pembeni, Bocco anabaki na mmoja. Msimu uliofuata Bocco alikuwa Bocco yuleyule, mwili uleule, na mabao yakakauka. Watu wakasema kazeeka ghafla. Mtu hazeeki kwa miezi miwili. Wanaomlisha ndio walioondoka.

Wala usidhani walioletwa walikuwa wabovu. Alikuja Pape Ousmane Sakho kutoka Senegal, na bao lake la tikitaka dhidi ya ASEC Mimosas likaja kuchaguliwa bao bora la mwaka Afrika. Alikuja Henock Inonga, beki wa uhakika. Walikuja Sadio Kanoute, Peter Banda, Kibu Denis. Mchezaji mmoja mmoja, hawa si watu wa kubezwa. Lakini timu ni mazoea. Luis na Chama walikuwa wamekwisha kuzoeana kiasi kwamba mmoja akigeuza bega mwenzake anajua mpira unakwenda wapi. Sakho alikuja akiwa anajifunza jina la beki wake. Mazoea hayanunuliwi dirishani, na ligi haisubiri.

Na upande wa pili hawakulala. Wakati sisi tunazungusha kombe mitaani, Yanga walikuwa wanasajili: Djigui Diarra golini, Bangala, Khalid Aucho, na kutoka AS Vita, timu ileile tuliyoipiga nne, wakawachukua Djuma Shabani na Fiston Mayele. Kocha wao, Nasreddine Nabi, walibaki naye. Watu wengi husahau hesabu hii: wewe unaweza kubaki palepale ulipokuwa na bado ukashuka, kwa sababu jirani amepanda.

Mvua ikanyesha. Siku ya Simba Day, Septemba 19, TP Mazembe wakatufunga nyumbani mbele ya sherehe zetu. Wiki haijaisha, Septemba 25, Ngao ya Jamii, Mayele akafunga na Yanga wakabeba. Mechi ya kwanza ya ligi, Musoma, sare tasa na Biashara United. Oktoba tukaenda Botswana tukawafunga Jwaneng Galaxy mbili bila. Tukarudi kwa Mkapa kumalizia kazi, tukafungwa tatu kwa moja, tukatolewa Ligi ya Mabingwa kwa mabao ya ugenini. Siku chache baadaye kocha Didier Gomes akaondoka, na ni yeye aliyekuwa na kombe mkononi miezi mitatu nyuma. Chama alirudi Januari, Pablo Franco alikuwa ameshika timu, tukafika robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika tukatolewa na Orlando Pirates kwa penalti. Kwa hiyo hatukuwa timu ya kutupwa. Lakini ligi ilichukuliwa na Yanga, bila kupoteza mechi hata moja.

Unakumbuka maneno ya vijiweni siku zile? Fulani kauza mechi. Fulani kalogwa. Ulikuwa mdogo lakini ulikuwa unayarudia sebuleni kwangu, tena kwa sauti. Miaka yote niliyokaa karibu na mpira nimeona watu wanatafuta mtu mmoja wa kumtwisha, kwa sababu mtu mmoja anazomeka. Miezi miwili ya uzembe wa watu thelathini utaizomea vipi? Mwaka huu wenu ukianza vibaya, atatafutwa wa kutwishwa, mara nyingi huwa kipa. Usiwe katika hao watafutaji. Na ukiambiwa wachezaji mchange pesa kwa ajili ya "kamati ya ufundi", yaani za mganga, kachange maji ya kunywa mazoezini.

Sikuambii haya kwa kusoma magazeti tu. Unajua kabla sijafungua duka nilikuwa mtunza vifaa wa timu moja ambayo jina lake naliacha. Mtunza vifaa ndiye mtu wa kwanza kujua msimu utakuwaje, kabla ya kocha, maana yeye ndiye anayegawa bukta. Siku ya kwanza ya kambi wachezaji wanapanga foleni, na mmoja mmoja anainama mlangoni ananong'ona: "Mzee, nipe kubwa kidogo, hii ya mwaka jana imerudi nyuma kwenye kufuliwa." Bukta haijarudi nyuma. Bukta ilikuwa kwenye kreti langu, imefuliwa, imekunjwa, imewekewa dawa ya nondo. Aliyebadilika ni yeye. Mwaka ambao walionong'ona walikuwa wengi, ndio mwaka tuliopigania kutoshuka daraja, wakati msimu wake wa nyuma tulishika nafasi za juu na tukaandaliwa chakula na mheshimiwa.

Alichofanya kocha nacho nitakwambia, maana ni kosa la kila mahali. Alipoona pumzi zimekwisha na ligi i mlangoni, akawakimbiza mchangani asubuhi na jioni kana kwamba anaandaa askari. Mwili uliolala wiki nyingi hauamki kwa kupigwa. Misuli ya nyuma ya paja ikaanza kukatika, leo huyu kesho yule, na tulipoingia mechi ya kwanza nusu ya kikosi walikuwa wanabandikwa barafu. Hata daktari yeyote wa michezo atakwambia: wiki mbili tatu za kulala tu zinatosha pumzi ya mchezaji kuanza kushuka, na kuirudisha kunataka muda mrefu kuliko uliotumia kuipoteza.

Tena kulikuwa na beki wa kulia, kijana mstaarabu, mguu wa dhahabu. Likizoni alikwenda kucheza ndondo, mtaani kwao, kwa posho na kwa sifa. Kiwanja cha kokoto. Akachezewa rafu, goti likajipinda. Akaja kambini amefunga bandeji na kuvuta soksi juu yake, hakumwambia mtu. Mimi niliiona kwa sababu soksi nazifua mimi, na ilinuka dawa ya kuchua. Mechi ya tatu goti likamwacha. Viongozi wakafungua mkataba, wakamwonyesha kifungu kinachokataza kucheza nje bila ruhusa, wakamwambia matibabu ajitegemee. Kisheria walikuwa sawa. Kibinadamu, Mungu anajua. Hakuwahi tena kukimbia pembeni kama zamani.

Sasa umeelewa kwa nini niliposikia habari ya Kinesi nilikosa usingizi. Umealikwa huko Dar kucheza ndondo, umeahidiwa posho nono, na picha yako imeshawekwa kwenye bango. Nitarudi hapo.

Kuna jambo jingine la mpira wenyewe. Msimu uliopita ulikuwa hujulikani. Ukipokea mpira winga ya kulia unamtazama beki, unaingia ndani kwa mguu wa kushoto, unapiga kona ya mbali. Nimeiona, ni nzuri. Lakini mabeki nao wana simu, na makocha wao wana video. Mwakani utakuta beki amesimama upande wako wa ndani kabla hujapewa mpira, na kiungo wao amesogea kuziba. Usipokuwa na njia ya pili, watu watasema Idrisa kashuka kiwango, kumbe kiwango ni kilekile, ila wamekujua. Leicester City waliwashangaza Waingereza msimu wa 2015/16, mpira mrefu kwa Vardy mgongoni mwa mabeki, wakawa mabingwa kwa pointi 81. Msimu uliofuata timu zikaacha kupanda juu na kuwaachia uwazi ule. Juu ya hayo N'Golo Kanté, mtu aliyekuwa akifanya kazi ya watu wawili katikati, alikuwa ameuzwa Chelsea, na wao wakawa na mechi za Ulaya katikati ya wiki ambazo hawakuzizoea. Wakamaliza nafasi ya 12 na pointi 44. Ranieri, aliyewapa ubingwa, alifukuzwa Februari 2017. Na Chelsea alikokwenda Kanté ikachukua ubingwa mwaka huohuo. Wala usiende mbali, muulize mzee yeyote hapa Tanga kuhusu Coastal Union ya 1988. Tuliuleta ubingwa wa Bara hapa Mkwakwani, mji ukawa haulali. Mwaka 1989 ukaenda Yanga, na mpaka leo haujarudi.

Kwa hiyo jifunze kutoka nje kwa mguu wa kulia na kupiga krosi. Mguu wako wa kulia ni wa kusimamia tu kwa sasa, usinune, mama yako pia ameuona. Likizo ndiyo wakati wake, kwa sababu hakuna kocha atakayekupa nafasi ya kukosea mechi ya ligi. Tafuta ukuta na mpira.

Na pesa. Hili nalisema taratibu kwa kuwa limevunja vyumba vingi vya kubadilishia nguo. Umeongezewa mshahara, Mungu akuzidishie. Lakini yule kiungo wenu aliyekaa nyuma yako msimu mzima kuzuia ili wewe ushambulie, yeye je, ameongezewa? Kama hajaongezewa, anajua chako ni kiasi gani, usijidanganye, hakuna siri kambini. Akiacha kukimbia kukuzibia, na wewe ukiacha kumpa mpira, timu imekwisha na hakuna aliyemtukana mwenzake. Ongea naye vizuri. Usimwonyeshe simu mpya. Pikipiki uliyonunua nimeambiwa, sina neno, ila kambini nenda na basi pamoja na wenzako.

Huyo anayejiita wakala wako, anayekwambia Azam wanakuulizia na Singida wanakuulizia, mwambie alete karatasi. Kama hana karatasi, anachokuletea ni usingizi mbovu. Mchezaji aliyekwisha kuhama kichwani hachezi vizuri pale miguu yake ilipo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe umesifiwa sana mwaka huu, tena na watu ambao mwaka jana walikuwa hawajui kama jina lako ni Idrisa au Idi.

Usinielewe vibaya ukidhani sitaki upumzike. Pumzika. Wiki ya kwanza lala, kula, nenda baharini, kamsalimie bibi yako na khanga yake mkononi. Mwili uliocheza msimu mzima bila kupumzika nao huvunjika, na timu nyingine zimeporomoka kwa kuchoka tu. Baada ya hapo anza polepole. Siku nne kwa wiki zinatosha: kukimbia taratibu kwanza, baadaye mbio fupi za kasi, na yale mazoezi ya paja mliyofundishwa na mtaalamu wa viungo ambayo nyote mnayakimbia kwa sababu yanauma. Ukija Tanga tutakwenda Raskazone asubuhi, mchanga ule ukiwa bado na maji. Mimi nitakaa na saa, wewe utakimbia. Ugali kula, chipsi mayai za usiku punguza. Nimezisikia habari zake pia.

Sikuahidi kwamba ukifanya haya yote timu itapanda. Timu ni watu wengi. Kipa anaweza kuuzwa, kocha anaweza kuondolewa kwa mechi mbili mbovu, mpira unaweza kugonga mwamba mara tatu siku ya mwisho. Hayo huyawezi na hakuna atakayekudai. Utadaiwa miguu yako na pumzi yako tu.

Kambi ikitangazwa, ripoti siku moja kabla, na bukta omba saizi ya mwaka jana. Kuhusu Kinesi, jibu ni hapana. Mpigie aliyekualika leo, kabla hajachapisha mabango mengine, umwambie mjomba wako amekataa. Akikasirika mpe namba yangu, lawama nitazibeba mimi.

Mjomba wako akupendaye,
Seif